Sababu ya Safari

Katika gesti moja ya Mtwara, usiku wangu wa kwanza pale, mhudumu alinisukumia daftari kubwa la wageni. Jina. Kabila. Umri. Kazi. Utokako. Uendako. Nikajaza mbio mbio kwa sababu nilikuwa nimechoka. Safu ya mwisho mtu alikuwa ameichora kwa mkono, kwa wino mwekundu: Sababu ya safari. Hapo kalamu ikagoma. Nikachungulia walionitangulia wameandika nini. Biashara. Biashara. Msiba. Kikazi. Korosho. Hospitali. Msiba. Korosho.

Nikaandika: matembezi.

Mhudumu alikuwa mama wa makamo, kanga kiunoni na nyingine kichwani. Akasoma, akaniangalia, akasoma tena.

"Matembezi kwa nani?"

"Si kwa mtu, mama. Natembea tu."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Akafunga daftari polepole. "Sasa huyo bwana anakuja saa ngapi? Maana mimi saa nne nafunga mlango."

Ndugu msomaji, usicheke. Au cheka, lakini ukimaliza tukae chini tulijadili. Yule mama hakuwa mbaya. Alikuwa anauliza swali ambalo wewe ungeuliza, na ambalo mimi ningemuuliza binti yeyote anayeshuka kwenye basi usiku akiwa na kibegi kidogo na hana mwenyeji mjini. Kwetu safari ina sababu. Mtu husafiri kwa kufiwa, kuugua, kusoma, kuolewa, kuuza au kununua. Asiye na sababu hata moja kati ya hizo, basi anayo nyingine ambayo haitamkiki mbele za watu. Na akiwa mwanamke, watu wanakuwa wameshaitamka tayari kwenye vichwa vyao.

Basi swali langu ni hili: je, mtu ana haki ya kuondoka bila sababu?

*

Kwanza nieleze nilivyoondoka, maana humo ndimo kesi yenyewe ilimo.

Ilikuwa Novemba, zile wiki ambazo Songea nzima inatazama mawingu. Nilikuwa nafanya kazi kwenye steshenari karibu na soko: kupiga chapa barua za watu, kutoa fotokopi, kugonga ripoti za wanafunzi waliochelewa. Bosi alikuwa amenilipa malimbikizo ya miezi kadhaa kwa mkupuo, shilingi laki mbili na nusu. Fedha zilikuwa zangu, nilizitolea jasho. Lakini hebu niambie, nani kwetu ana fedha zake peke yake? Mama alikuwa ameshatifua shamba. Alikuwa ananisubiri mimi tu, mifuko ya mbolea ya kupandia. Hakuniomba. Alisema tu, "Mwaka huu angalau tutapanda kwa wakati," nami nikaitikia, "Ndiyo, mama." Ahadi nyingine huwa hazina maneno zaidi ya hayo.

Asubuhi ile bosi akanituma stendi kupeleka bahasha ya mteja iende na basi Tunduru. Nikitoka hapo nipitie duka la pembejeo. Fedha nilikuwa nazo kwenye kibegi, pamoja na kanga moja na daftari langu la mashairi. Kondakta akapokea bahasha, akagonga ubavu wa basi, akaniambia kama mchezo: "Dada, imebaki siti moja tu, Mtwara hiyo. Unapanda, hupandi?"

Nikapanda.

Nimejaribu mara nyingi kutafuta kilichonipandisha. Kwenye steshenari kulikuwa na gazeti kuukuu la picha la Kizungu, limeachwa na sijui nani, nami nilikuwa nalipekua mchana biashara ikilala. Mlikuwa na habari ya msichana wa huko aliyeamka siku moja, akafunga begi, akapanda treni akawa anashuka mji mmoja baada ya mwingine katika pwani ya Italia: Genoa, kisha vile vijiji vya Cinque Terre vilivyoning'inia kwenye miamba, kisha chini kabisa, Amalfi. Alikula samaki, akaogelea, akarudi kwao. Basi, habari imeishia hapo. Hakuna aliyemuuliza amefikia kwa nani. Mimi Italia sina hata wa kuniandikia barua, na hiyo viza sijui inafananaje. Lakini pwani si ninayo? Nina umri wa miaka ishirini na minne, nimezaliwa Songea, na bahari ya nchi yangu mwenyewe nilikuwa naijua kwenye noti na kalenda.

Kabla ya kufika Namtumbo, nilizima simu.

*

Kutoka Songea hadi Mtwara ni zaidi ya kilometa 600. Siku hizi ni lami. Wakubwa zetu wanasimulia enzi ambazo masika ungeweza kulala porini siku mbili ukisubiri lori kunasuliwa. Ukipita Tunduru, mikorosho inaanza kukufuata. Masasi kuna majabali makubwa yaliyokaa peke yake kama wazee waliosusa kikao. Kisha unashuka, unashuka, joto linaongezeka, abiria wanaanza kuvua masweta waliyopanda nayo Songea, na lafudhi ndani ya basi zinabadilika. Bahari niliiona Mikindani, jua likizama, maana barabara inapita pale pale kwenye ghuba kabla ya kufika Mtwara. Nilijikuta nimesimama ndani ya basi. Kijana wa siti ya nyuma akasema, "Dada, kaa, haikimbii."

Kesho yake nikarudi Mikindani kwa daladala, nikashinda siku nzima. Nilitembea kwenye vichochoro vya nyumba za mawe, nyingine zimebaki kuta tu na mti umeota sebuleni. Nikapanda hadi kwenye boma la Wajerumani la mwaka 1895. Nikakaa kwenye ukingo wa maji nikawatazama watoto wakiruka kutoka kwenye ngalawa. Ndugu msomaji, sijui kama umewahi kukaa mahali ambapo hakuna mtu hata mmoja anayejua jina lako, wala anayesubiri umletee kitu. Sikuwa dada wa mtu, wala binti wa mama fulani, wala yule wa steshenari. Nilikuwa macho mawili tu. Nilijisikia mwepesi mpaka nikaogopa.

Hapo Mikindani ndipo David Livingstone alipoanzia safari yake ya mwisho mwaka 1866. Yeye alikuwa na sababu nzito: kukomesha biashara ya utumwa, na kutafuta chimbuko la mto Nile. Alikufa mwaka 1873, na chimbuko hakuliona. Nikawa najiambia: basi kuwa na sababu nako si kinga. Wajerumani waliojenga lile boma walikuwa na sababu. Mreno aliyeipiga Kilwa mwaka 1505 alikuwa na sababu. Ukiipitia historia ya pwani hii, walioiumiza zaidi ni watu waliokuja na sababu zilizoandikwa vizuri kwenye karatasi. Msichana mwenye kanga moja anayetazama watoto wakiogelea amemdhuru nani?

Niliipenda hoja hiyo. Nikaiandika kwenye daftari na kuipigia mstari. Wahenga nao nikawaita mashahidi: mtembea bure si sawa na mkaa bure. Tembea uone. Kesi nikawa nimeshinda, na hakimu ni mimi.

*

Lindi nilikaa siku moja. Ni mji uliotulia, ghuba yake pana, na jioni watu wanapunga upepo ufukweni bila haraka. Nilikula pweza wa kukaanga kwa mara ya kwanza katika maisha yangu na nikatafuna mpaka taya likauma. Mzee muuza kahawa akanisimulia habari ya mjusi wa Tendaguru, kilima kilichoko bara huko kaskazini magharibi ya mji. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimbua mifupa ya mijusi wakubwa wa kale, wapagazi wakaibeba vichwani kwa mguu hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa melini. Mmoja amesimamishwa makumbusho ya Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13, na watu wanakata tiketi kumwona.

"Ameondoka hivyo hivyo," mzee akasema akisuuza vikombe. "Hakuaga mtu."

Tukacheka. Lakini neno lile lilinifuata mpaka gesti, likalala na mimi. Maana sisi wa Songea nasi tuna mtu wetu aliyesafirishwa bila kuaga. Nduna Songea Mbano, ambaye mji unaitwa kwa jina lake, alinyongwa na Wajerumani mwaka 1906, wakati wa vita vya Majimaji, na inasimuliwa kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja Songea, akafika makumbusho ya Majimaji, akakutana na wazao wa Nduna na kuomba msamaha. Wakati huo fuvu lilikuwa bado halijaonekana. Zaidi ya miaka mia, na watu bado wanauliza: yuko wapi wetu?

Asubuhi nikapanda gari la Kilwa. Simu ilikuwa bado imezimwa. Siku ya nne hiyo.

*

Kilwa Kivinje ni mji uliochoka kwa heshima. Majumba ya zamani yameinama, milango ya kuchonga imebaki michache. Karne ya kumi na tisa hapa palikuwa mwisho wa njia kubwa ya misafara. Maelfu kwa maelfu ya watu waliletwa kutoka nchi za Ziwa Nyasa na bonde la Ruvuma, yaani kutoka kwetu, minyororo shingoni, wakauzwa na kupakiwa majahazini kwenda Zanzibar na kwingineko. Na tusijisafishe: babu zetu Wangoni hawakuwa watazamaji katika biashara hiyo. Waliteka majirani zao, na wengine wakawabadilisha kwa bunduki na nguo. Njia hiyo hiyo, kwa upande mwingine, ndiyo iliyoleta habari ya maji ya Kinjikitile kutoka Umatumbi mwaka 1905, mpaka ikafika Ungoni. Na hapo Kivinje upo mwembe ambao Wajerumani waliutumia kunyongea watu.

Nilikuwa nimesimama karibu na ufuko, nikila embe, wakati babu mmoja mwenye kofia ya kiua aliponijibu shikamoo yangu na kuniuliza nimetokea wapi.

"Songea, babu."

"Ala! Basi umekuja kwa njia ya zamani." Akanitazama kwa muda. Nikajiandaa kwa lile swali la sababu. Jibu nilikuwa nalo, limepigiwa mstari. Babu hakuliuliza.

"Na kwenu wanajua uko huku?"

Nikanyamaza. Embe likawa linanidondokea mkononi.

"Hawajui," akasema, si kwa ukali. "Waliopita hapa zamani, mjukuu wangu, kwao pia walikuwa hawajui." Akaendelea na njia yake kuelekea msikitini, maana adhana ilikuwa imeshaanza.

Lilinipiga lile neno. Siku zote nne nilikuwa nikijitetea kwa kosa ambalo sikulifanya. Nilikuwa nabishana na daftari la gesti: kwa nini wanadai sababu? Na katika ubishi huo nilikuwa na haki. Watu waliopita njia ile kwa minyororo hawakuwa na sababu yao hata moja. Sababu ilikuwa ya mtu mwingine. Kwa hiyo mtu wa Songea kuishuka njia hiyo kwa nauli yake, kwa kutaka tu kuona maji, si anasa ya kipuuzi. Ni kitu ambacho wengi walinyimwa. Sisi wenyewe Wangoni ni wazao wa watembezi: Zwangendaba na watu wake walitoka kusini kabisa mwa Afrika wakikimbia vita, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835, wakaja wakienda. Kwenda si dhambi kwetu.

Lakini aliyechukuliwa utumwani alinyang'anywa vitu viwili: kuchagua aende wapi, na kuwaaga wake. Mimi cha kwanza nilikuwa nimekishika kwa mikono miwili. Cha pili nilikitupa mwenyewe, bila kulazimishwa na mtu.

*

Sikuwasha simu papo hapo. Aibu ina ukaidi wake. Kwanza nilikwenda Kilwa Masoko, nikalala, na asubuhi nikalipia kibali nikavuka kwa mashua hadi Kilwa Kisiwani.

Magofu ya Kisiwani, pamoja na ya Songo Mnara, yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Uingie msikiti mkuu asubuhi, wakati mwanga unapita kati ya nguzo na mbuzi wa watu wanatafuna majani nje, utaelewa kwa nini. Mwaka 1331 alifika hapo Ibn Battuta, Mmoroko yule, akausifu mji na ukarimu wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Huyu ndiye shahidi ambaye wapenda safari wote tunamkimbilia. Alitoka Tangier mwaka 1325, kijana wa miaka ishirini na moja, peke yake. Alikwenda kuhiji, akaendelea kwenda, akazunguka dunia miaka ishirini na minne.

Ila kuna sehemu ya kisa chake ambayo huwa hatuisimulii vijiweni. Alipoondoka, baba na mama yake walikuwa hai, na mwenyewe ameeleza uchungu wa kuachana nao. Alipokuwa anarudi, alipofika Damascus aliambiwa baba yake alikwisha kufa miaka kumi na mitano iliyopita. Akaendelea kuelekea nyumbani, na mwaka 1349, akiwa karibu kabisa kufika, akapewa habari kwamba mama naye amekufa kwa tauni. Miaka ishirini na minne, na alimkosa kwa miezi michache tu.

Na yeye aliaga.

Nilikaa kwenye kivuli cha ukuta nikawasha simu. Ikaanza kutetemeka kama kuku anayechinjwa. Sikusoma hata ujumbe mmoja. Nikapiga.

"Uko hai?" Hilo tu.

"Niko hai, mama. Niko Kilwa."

Kimya. Nyuma yake nilisikia jogoo wetu, yule mwenye sauti mbovu.

"Basi," mama akasema, akakata.

*

Niliporudi ndipo nilipoyajua yote. Alikuwa amekwenda polisi. Alikuwa amekwenda hospitali, akaomba aonyeshwe waliolazwa bila ndugu. Halafu, jambo ambalo dada yangu alinieleza kwa kunong'ona, akaomba aonyeshwe na wale wa chumba kingine. Mama ana kaka yake ambaye mimi sikuwahi kumwona. Alitoka nyumbani siku moja akisema anafika stendi mara moja. Wengine walisema alivuka Msumbiji kwenda Afrika Kusini kutafuta maisha, kama vijana wengi wa huku. Hakuna barua, hakuna kaburi. Bibi yangu alikufa akiwa bado anamwekea sahani yake kabatini. Mimi habari hiyo nilikuwa naijua. Nilikuwa nayo kichwani siku ninapozima simu kabla ya Namtumbo. Naandika sentensi hiyo kwa taabu.

Na mbolea? Mama alikopa mfuko mmoja badala ya ile tuliyokuwa tumekusudia. Mwezi wa pili ungepita kwenye shamba letu ungeona mstari: upande huu mahindi ya kijani, upande ule ya njano kama karatasi ya zamani. Mama hakunisema hata siku moja. Alinipeleka kupalilia, akanipangia upande wa njano.

Sisi tunaoandika, au tunaotaka kuandika, tuna ugonjwa wa kujisamehe haraka. Tunasema: nilikwenda kutafuta uzoefu, mwandishi lazima atembee. Nami nilipofika nilitaka kumwambia mama hivyo, nimwonyeshe daftari lililojaa. Namshukuru Mungu sikufungua mdomo. Hiyo ingekuwa kuitafutia safari sababu ya uongo baada ya kwisha, ili ule mstari shambani uonekane gharama ya sanaa. Si kweli. Nilikwenda kwa sababu nilitaka kuona bahari, na niliiona, na ilikuwa nzuri. Sijutii bahari. Nisemapo najuta, naomba nisieleweke vibaya kwa upande huo, sitaki binti mwingine wa Songea asome hapa halafu aambiwe, "Unaona? Kaa nyumbani."

Nitetee ninachoweza kukitetea. Mtu, mwanamume au mwanamke, ana haki ya kwenda mahali kwa sababu tu hajawahi kufika. Daftari la gesti halina haki ya kudai zaidi ya hapo, na yule anayemsubiri "bwana" wa kila msichana aendelee kumsubiri. Lakini haki ya kutotoa sababu si haki ya kutoaga. Sababu ni yangu. Kuaga si kwangu peke yangu: ni kwa wale watakaokwenda chumba cha maiti kunitafuta. Tumevichanganya vitu hivi viwili. Wazazi wetu wanadhani wakinyima sababu wamezuia hasara, nasi tunadhani tukikataa kuulizwa lazima tutoroke. Kuhusu fedha bado sijapata jibu safi. Zilikuwa zangu, na zilikuwa za shamba. Zote mbili ni kweli, na nilichagua moja bila kumwangalia mama usoni. Labda kosa liko hapo, kwenye kutomwangalia.

Mwaka uliofuata nilipata siku tatu za mapumziko. Nikamfuata mama jikoni, nikachutama karibu na mafiga.

"Mama, kesho naomba niende Mbamba Bay."

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Kuangalia ziwa."

Akakoroga ugali kwa muda mrefu, mrefu kupita unavyohitaji. "Utalala wapi?" Nikamwambia. "Utarudi lini?" Jumapili, mama. Akaipua sufuria.

"Basi unipitie sokoni uniletee dagaa. Wale wa Nyasa, si hawa wa kuchanganya."

Nikafika Mbamba Bay jioni, ziwa limetulia kama limemwagiwa mafuta. Kwenye gesti nikaletewa daftari. Jina. Kabila. Kazi. Nikafika kwenye ile safu ya mwisho, kalamu haikugoma.

Nikaandika: dagaa.